Nyumba na Bustani: Kuvipa Sura Mpya Vyungu vya Maua Vilivyochakaa

Baraza ndiyo uso wa nyumba. Mgeni, kabla hajakaribishwa kuketi, huwa amekwisha kuona yale yaliyopangwa mbele ya mlango, na aghalabu yaliyopangwa hapo ni safu ya vyungu vya maua: kimoja cha udongo kilichomeguka mdomo, debe la mafuta ya kupikia lililoanza kutu, kopo la rangi ambalo chapa yake bado inasomeka, na sufuria iliyotoboka tangu siku nyingi. Maua yaliyomo huweza kuwa mazuri sana, waridi au asumini au mshubiri, walakini chombo kibovu huyapunguzia heshima. Wengi huona kwamba dawa ya jambo hili ni kununua vyungu vipya. Si lazima. Chungu kikuukuu kisichovuja wala kupasuka kabisa chaweza kupakwa rangi kikarudi kuwa pambo, tena kwa gharama ndogo, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu wake.

Utaratibu huo karani mmoja mstaafu wa Kakamega aliujua baada ya kukosea. Alikuwa ameandika vitabu vya hesabu kwa zaidi ya miaka 30, na sasa alikuwa amerudi shambani kwake kulima mahindi na maharagwe. Binti yake alikuwa ameposwa. Siku moja, baada ya chai ya jioni, alitazama baraza yake akaona haya.

“Mama Watoto,” alimwambia mkewe, “Jumamosi ya tatu kutoka leo wakwe wanakuja. Vyungu hivi vitawaambia nini?”

“Vitawaambia kwamba tuna maua,” mkewe alijibu. “Lakini ukitaka kuvipaka rangi, sikuzuii.”

Ghalani mlikuwa na nusu ya kopo la rangi nyeupe ya mafuta, iliyobaki wakati madirisha ya nyumba yalipopakwa zamani. Kopo lenyewe lilikuwa limekaa miaka mingi hata karatasi yake ikatoka, na hakuna aliyekumbuka lilinunuliwa lini. Jumapili jioni mzee akalifungua kwa bisibisi, akaikoroga rangi kwa kijiti, akapaka vyungu vitatu vya udongo hapo hapo vilipokuwa, bila kuondoa maua. Usiku vilimetameta kama vikombe vya kaure. Mzee akalala ameridhika.

Siku ya nne malengelenge yakatokea. Kufikia mwisho wa juma rangi ilikuwa imefura pande zote kama ngozi iliyoungua, na ilipoguswa ilibanduka vipande vipande. Chini ya rangi ile udongo ulikuwa umeloa, na juu yake palikuwa na unga mweupe kama chumvi.

Karibu na boma lile alikaa kijana fundi wa rangi, ambaye alikuwa amefanya kazi ya kupaka majumba katika Kisumu na Eldoret. Mzee akamwita aje atazame.

“Mzee, vyungu hivi vilipakwa vikiwa vikavu?” fundi aliuliza.

“Vilikuwa vikavu kabisa.”

“Na maua yalinyweshwa maji lini?”

Mzee akafikiri kidogo. “Asubuhi ya siku ile ile.”

Katika jibu hilo ndimo ulimokuwa ubaya wote. Vyungu vya Kakamega aghalabu hutoka Ilesi, kijiji cha wafinyanzi kilicho kando ya barabara iendayo Kisumu, ambako wanawake wamefinyanga na kuchoma vyungu kwa vizazi vingi. Chungu kinachochomwa katika moto wa wazi wa kuni na nyasi hakipati joto kali kama la tanuru la viwanda, kwa hivyo udongo wake hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya katika vitundu hivyo polepole, hutokea nje, na kukauka kwa upepo. Ndiyo sababu mtungi wa maji hupoza maji yake, na ndiyo sababu mizizi ya ua hupata hewa katika chungu cha udongo kuliko katika kopo la bati. Rangi ya mafuta huziba njia hiyo upande wa nje. Maji yaliyomo ndani hayajui kwamba mwenye nyumba ametaka pambo. Huendelea kusukuma kutoka, na yasipopata njia huinua rangi. Tena maji hayo huchukua chumvi zilizo katika mchanga na mbolea. Yakaukapo, chumvi hubaki chini ya rangi ikaisukuma kama kabari.

Lakini fundi hakuishia hapo. Aliinua lile kopo kuukuu, akaligeuza, akauliza umri wake. Alipoambiwa kwamba hakuna anayejua, akatazama sakafu ya baraza, na hapo mjukuu wa miaka miwili alikuwa ameketi akikusanya vipande vya rangi iliyobanduka na kuvipanga kama sarafu. Kimoja kilikuwa kimeshikamana na kidole alichokuwa akinyonya.

Jambo hili yafaa lielezwe kwa urefu kuliko mapambo yote, maana nyumba nyingi zina kopo kama lile ghalani. Kwa muda mrefu watengenezaji wa rangi walitia madini ya risasi ndani ya rangi ya mafuta, ama ili iwe nyeupe na nzito, ama ili ikauke upesi, ama ili manjano na nyekundu ziwe kali. Madhara yake yalijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majumba, na mwaka 1978 Marekani ilikataza rangi yenye risasi katika nyumba za kukaa watu. Katika Kenya sheria za viwango zilichelewa kuliko hapo, na kikomo kilichowekwa sasa ni sehemu 90 tu za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Kikomo hicho hakiwezi kurudi nyuma kukagua makopo yaliyonunuliwa kabla yake.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo hudhuru ubongo wake unaokua. Haileti homa wala upele wa kumshtua mama. Huja polepole, na baadaye mtoto huonekana mzito wa kujifunza au asiyetulia, na hakuna anayekumbuka baraza. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Mtoto mdogo yumo hatarini kuliko mtu mzima, kwa kuwa hutia kila kitu kinywani, na kwa kuwa mwili wake hunyonya sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza. Njia ya kujua ni kupima damu.

Nyanya akamchukua mtoto, akamnawisha mikono na uso kwa sabuni, na asubuhi ya pili akampeleka kwa daktari akaeleza yote. Damu ikapimwa, na majibu yalipokuja yalituliza nyoyo. Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kuiondoa rangi yake kwa namna aliyoonyeshwa na fundi. Hakuikwangua kavu, kwa kuwa vumbi lake ndilo baya zaidi, wala hakuichoma moto. Alitandaza gazeti kuukuu chini, akalowesha chungu kwa maji, akakwangua polepole kikiwa majimaji, akakunja gazeti pamoja na takataka zake, akalifunga ndani ya mfuko na kulitenga mbali na shamba la mboga. Mchanga wa juu katika vile vyungu vitatu ukatolewa vilevile. Kopo likafungwa kwa nguvu, likaandikwa kwa makaa neno SUMU, nalo likatengwa. Kwa kazi mpya alinunua rangi ya maji, ambayo kwenye kopo lake iliandikwa waziwazi kwamba haina risasi. Mnunuzi yeyote ana haki ya kuyatafuta maneno hayo kabla ya kutoa fedha yake.

Zilikuwa zimebaki siku 13.

Kazi ya pili ilianza kwa kuhamisha maua. Kila mmea ulitolewa pamoja na donge la udongo wake, ukawekwa kivulini ndani ya ndoo na kufunikwa gunia bichi. Vyungu vikasuguliwa kwa magunzi ya mahindi na maji. Palipokuwa na ule unga mweupe wa chumvi, siki iliyochanganywa na maji ikautoa baada ya kuachwa kidogo, kisha chungu kikasuuzwa vizuri. Baadaye vikaanikwa. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Chungu kinene huonekana kikavu kwa nje huku moyo wake ungali na maji, na siku mbili za jua hazitoshi. Fundi alimwonyesha mzee jaribio rahisi: kipande cha karatasi ya nailoni kibandikwe kwa gundi pande zote ubavuni mwa chungu, kiachwe usiku mzima. Asubuhi yakionekana matone chini ya nailoni, chungu bado hakijawa tayari. Vyungu vya mzee vilionyesha matone asubuhi tatu mfululizo. Nchi ya Kakamega ina mvua nyingi, na kila alasiri vilipaswa kuingizwa jikoni na kuwekwa karibu na jiko, jambo ambalo mkewe alilivumilia kwa kunung’unika.

Baada ya kukauka bado kuna swali la maji ya kunyweshea, maana ua litanyweshwa tena kesho. Yako majibu mawili. La kwanza ni kupaka ndani ya chungu vanishi au rangi ya kuzuia maji, mipako miwili, ili maji yasipenye ubavuni. Ikifanywa hivyo, sharti tundu la chini liwe wazi, kwa sababu sasa maji hayana njia nyingine ya kutokea na mizizi itaoza. La pili ndilo bora, nalo halina gharama: mmea hupandwa katika kopo la plastiki lililotobolewa chini, na kopo hilo huwekwa ndani ya chungu kilichopambwa. Chungu hubaki kikavu, na mmea ukiugua hutolewa na mwingine kuingizwa bila kugusa rangi. Mzee alichagua njia hii kwa vyungu vikubwa.

Kuhusu kupaka kwenyewe hapana mengi ya kusema. Mpako wa kwanza wa rangi ya maji huongezwa maji kidogo ili uingie katika vitundu, nao huachwa ukauke kabisa. Mpako wa pili hupakwa bila kuongezwa maji. Ndani ya mdomo wa chungu hupakwa pia, upana wa vidole vitatu, ili udongo mtupu usionekane juu ya mchanga. Mambo mazuri huanza baada ya hapo, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuyafurahia mchana mzima.

Namna iliyo rahisi kuliko zote ni ya sifongo. Chungu kikiwa kimekwisha kupakwa rangi moja, tuseme ya maziwa, sifongo huchovywa kidogo katika rangi ya pili, hugongwagongwa kwanza juu ya gazeti ili ibaki kidogo tu, kisha huguswaguswa juu ya chungu. Kosa la wanaoanza ni kuchovya mno. Yakitokea madoa mazito hakuna sifongo tena, ni matope. Ikiwa rangi mbili zakaribiana, kama kijani kilichokolea na kijani kilichofifia, chungu huonekana kama jiwe lililomea ukungu. Zikiwa mbali sana, kama nyeusi na njano, huonekana kama kanga wa porini, na wako wapendao hivyo.

Gunzi la mahindi nalo ni chombo cha mapambo. Gunzi kavu lililopukuchuliwa vizuri likiviringishwa katika rangi na kubiringishwa juu ya chungu, huacha safu za vidoti vilivyopangika kama vile vilipimwa kwa rula. Wafinyanzi wa Kenya ya magharibi hufanya jambo la namna hiyo juu ya udongo mbichi kwa kubiringisha kamba iliyosokotwa, na alama zake hubaki milele baada ya kuchomwa. Kitana kuukuu kikiburutwa katika mpako wa pili kabla haujakauka, hufunua rangi ya chini kwa mistari, iliyonyooka au ya mawimbi. Unyoya wa kuku uliochovywa katika rangi ya kijivu na kuvutwa kwa mkono unaotetemeka kidogo huchora mishipa kama ya marumaru. Katika kazi hii mkono wa mzee una faida kuliko wa kijana. Mchanga mwembamba uliochekechwa ukichanganywa na rangi ya maji hutoa uso mkavu wa kukwaruza kama wa jiwe lililochongwa, nao huficha nyufa ndogo na mahali palipomeguka.

Kwa asiyetaka rangi ya dukani iko chokaa. Chokaa ni rafiki wa chungu cha udongo kuliko rangi nyingine zote, kwa sababu haizibi vitundu; maji hupita nayo hubaki. Hununuliwa ikiwa imekwisha kuzimwa, ikawa unga, kwa maana ile isiyozimwa huchemka itiwapo maji na kuunguza macho. Unga hutiwa katika maji, hukorogwa mpaka uwe mwepesi kama maziwa, huachwa usiku mmoja, kisha huchujwa kwa kitambaa. Chungu hupakwa kikiwa kimeloweshwa kidogo, mipako mitatu au minne myembamba, siku moja baina ya mmoja na mwingine. Mpako mbichi huonekana kama maji matupu na mtu hudhani amedanganywa. Weupe huja unapokauka, na ugumu huja baadaye kadiri chokaa inavyovuta hewa ya kaboni na kugeuka jiwe. Bluu ya kufulia ikiongezwa kidogo hutoa rangi ya anga. Yafaa tu kukumbuka kwamba mimea ipendayo udongo wenye asidi, kama miche ya chai, isipandwe ndani ya chungu kilichopakwa chokaa upande wa ndani.

Madebe na makopo yana sheria zake. Kutu hutolewa kwa brashi ya waya na msasa, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya pambo. Bati jipya linalong’aa huoshwa kwa siki kwanza, la sivyo rangi huteleza. Matundu hutobolewa chini kwa msumari, na mdomo uliokatwa hukunjwa usimkate mtu. Debe lililochukua dawa ya kuogeshea ng’ombe au ya kunyunyizia mimea lisitumiwe kabisa, hata kwa maua, kwa maana leo ni la maua na kesho mtu atapanda sukuma wiki. Tena debe jeusi katika jua la mchana huchemsha mizizi. Rangi nyeupe au iliyofifia hurudisha joto, na mmea hushukuru.

Siku ya kumi vyungu sita vilikuwa vimesimama katika safu: viwili vya sifongo ya kijani, viwili vya gunzi, kimoja cha marumaru, na debe moja lililopakwa chokaa yenye bluu. Mzee akaona nafasi moja wazi mwisho wa safu, na hapo kando pamesimama mtungi. Mtungi huo mama yake mkewe aliununua Ilesi na kuubeba kichwani hadi nyumbani, na ulipoza maji ya nyumba hii mpaka ulipopata ufa. Tangu hapo ulipandwa mshubiri. Mzee akachukua brashi.

“Baba Watoto,” mkewe alisema kutoka mlangoni, “huo uache.”

“Utabaki peke yake kama yatima. Wageni watasema rangi ilituishia.”

“Na waseme. Alama hizo za shingoni ziliwekwa na mtu. Ukizipaka, nani atajua?”

Mzee akasimama kidogo na brashi yake. Kweli shingoni palikuwa na safu mbili za alama za kamba, zimejaa vumbi na moshi hata hazikuonekana vizuri. Akaiweka brashi katika maji. Mkewe akaleta gunzi na beseni, akauosha mtungi mwenyewe, akausugua shingo kwa mswaki kuukuu mpaka alama zikajitokeza moja moja, akauacha ukauke. Mzee akaziba ufa kwa ndani kwa saruji kidogo. Hakuna kingine kilichofanywa juu yake.

Jumamosi ile mvua ilianza kabla ya adhuhuri, na wakwe wakaingia barazani kwa haraka wakipangusa viatu. Rangi haikubanduka. Baba wa bwana arusi alivitazama vyungu vya gunzi akauliza vilinunuliwa wapi, na mzee akaeleza kwa kirefu, pamoja na habari ya nailoni. Mama wa bwana arusi alikuwa amebaki nyuma mwisho wa safu. Alipitisha kidole juu ya shingo ya mtungi, akauliza ulifinyangwa na nani, kwa kuwa nyanya yake alikuwa mfinyanzi na aliisokota kamba yake namna hiyo hiyo. Mwenye nyumba akatoka kumjibu. Wakakaa hapo wawili karibu na mshubiri, na chai ikapelekewa huko huko.